Mashine ya Mwanhegele

Novemba 6, 1984. Shinyanga mjini

Ndugu Donatus, mkuu wangu wa idara, amenikabidhi mradi wa kijiji cha Mwanhegele. Nilidhani angempa mwanamume kwa sababu ya mashine, lakini amesema mradi huu ni wa watu kwanza, mashine baadaye, na watu ni kazi ya bibi maendeleo. Nimefurahi. Nimechoka kuwafundisha akina mama uji wa lishe wakati sukari na maziwa yenyewe hayapo madukani.

Mambo ni haya. Halmashauri zimerudishwa mwaka huu, madiwani wana moto, na shirika moja la kanisa la ng'ambo limetoa mashine ya kusaga kwa sharti moja: iwe mali ya watu waliotengwa na wenzao, na iwekwe katikati ya kijiji, si pembeni. Wanataka kijiji kizima kipeleke nafaka kwa watu ambao hadi leo hakiwapi hata mkono. Halmashauri ndiyo inayosimamia sharti hilo, na katika halmashauri msimamizi ni mimi.

Nimemwambia mama wakati wa chakula. Akaniuliza watu gani hao. Nikasema wengi ni waliopona ukoma, na wajane wazee, na mlemavu mmoja. Mama akatafuna kwanza, kisha akasema, "Fanya kazi yako, Mwamvua. Lakini maji yao usinywe."

Novemba 15

Mashine imefika Isaka kwa treni, imeletwa Mwanhegele kwa lori. Nimepanda nyuma nayo. Vumbi hadi kwenye meno. Hakuna mvua.

Diwani wa kata, Bwana Maige, alikuwa ametupangia vijana wa kushusha. Ni mtu mchangamfu, anaijua kazi yake. Kila mtu anamwita kwa jina, naye anamjibu kila mtu kwa jina. Bila yeye mashine ingelala barabarani. Kibanda alikwisha kukijengesha, tofali za kuchoma, katikati kabisa, jirani na ofisi ya kijiji.

Wanakikundi walikaa mbali wakitazama. Walihamishiwa hapa wakati wa Operesheni Vijiji kutoka kambi ya wakoma iliyofungwa, wakapewa mstari wa mwisho wa nyumba, kwenye mbuga inayojaa maji masika na kupasuka kiangazi. Wazee wajane wa kijiji nao wamesogezwa kule kidogo kidogo, na watoto wao wenyewe.

Mwenyekiti wao anaitwa Scolastika. Mwanamke wa makamo, vidole vya mkono wa kulia vimeishia katikati. Nilimpa mkono kwa makusudi, mbele ya watu. Hakuupokea. Alisema, "Tutasalimiana siku nyingine, wakiwa hawatutazami." Nimeliona neno hilo kuwa la ufidhuli.

Novemba 19

Injini imewaka. Mwendeshaji ni Pantaleo, mzee wa mguu mmoja. Ule mwingine aliuacha chini ya mwamba kwenye dhahabu ya Geita, zamani. Anaisikiliza injini kama mtu anayesikiliza mgonjwa wa kifua.

Novemba 24

Ufunguzi. Hotuba nne. Maige alizungumza vizuri kuliko wote. Walisaga debe moja la mahindi, wageni wakaonyeshwa unga. Ugali ulipikwa. Wageni wakasema wanakimbilia gari kabla giza halijaingia, ingawa ilikuwa saa tisa.

Nami sikuula. Nilisema nimefunga sunna.

Desemba 3

Hakuna anayesaga. Wanawake wa Mwanhegele wanapita na magunia kichwani mbele ya mlango wa kibanda, wanakwenda kijiji cha pili, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi.

Desemba 4

Nimegombana na Scolastika. Anataka waajiri mtu mwenye mikono mizima, amwage nafaka na kupokea unga, wao wakae nyuma. Nikamwambia hilo linaua mradi. Sharti ni watu wakubali kuhudumiwa nao wenyewe. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mayu, wewe unataka watupende. Sisi tunataka wasage." Mayu ni mama kwa Kisukuma, hata kwa mtu mdogo kwako, lakini jinsi alivyolitamka, nilijiona mdogo kweli.

Nimekubali. Wamemchukua Tabu, mama mwenye watoto watatu, mume wake ni mchimbaji wa almasi kule Maganzo, anarudi akipata, na asipopata harudi. Tabu alikubali kwa sababu ya njaa, hakuficha. Wenzake wamemwonya kwamba watoto wake wataoza vidole. Akawajibu kwamba kwanza wapate cha kushika na vidole hivyo.

Desemba 12

Wasagaji wachache. Hakuna mvua.

Desemba 20

Hakuna mvua. Mahindi yaliyopandwa kwa tamaa yamechomoza na kunyauka.

Desemba 29

Leo nimesikia kwa masikio yangu. Nilikuwa kisimani na wanawake wa kijiji, hawakujua naelewa Kisukuma. Watu wananiona mswahili wa mjini, mtoto wa Mzee Hatibu fundi cherehani, wanasahau nimezaliwa na kukua Shinyanga. Mmoja alisema mawingu yalikuwa yakija vizuri hadi mashine ilipoletwa. Mwenzake akasema si mashine, ni walioishika. Wa tatu akasema si wote walioishika, ni mmoja. Wakataja jina: Nkwimba.

Bibi Nkwimba ndiye mzee kuliko wote kikundini. Hana ukoma wala kilema. Ana macho mekundu, yale watu wanayosema ni ya mchawi, kwa moshi wa samadi anayopikia, kwa sababu kuni za mbali haziwezi. Kazi yake ni kufagia kibanda na kuokota nafaka iliyomwagika. Jana alinionyesha kibuyu chake cha mbegu za karanga, akaniuliza mjini mvua inasemaje, kana kwamba mjini tuna mvua yetu.

Nimemweleza Maige. Amesema wanawake huongea, yeye atalimaliza.

Januari 9, 1985

Mkutano wa kijiji. Maige hakulimaliza. Alisimama akasema yeye ni mtoto wa hapa, haamini maneno hayo, lakini wananchi wana hofu, na hofu ya wananchi ni jambo la kushughulikiwa. Akapendekeza mashine ihamishiwe makao ya kata, ambako ana eneo, kikundi kibaki kuwa mwenye mali na kiletewe sehemu yake kila mwezi. Watu wakapiga makofi.

Nikasimama nikasoma sharti. Nilisema mashine ikihama hapa, haiendi kata, inarudi kwa waliotoa. Makofi yakaisha. Maige akacheka, akasema bibi maendeleo ni mkali, haya, tusubiri.

Baadaye alinifuata kwa baiskeli yake. Hakuwa na hasira. "Nilikuwa nataka kumwondoa yule bibi machoni pao," alisema. "Mashine ikihama, maneno yatahama." Sikujua kama nimwamini. Hadi sasa sijui.

Januari 16

Mtoto wa mwenyekiti wa kijiji amekufa kwa surua. Zahanati haikuwa na dawa. Watoto wengine wawili wanaumwa.

Januari 22

Siku mbaya. Niliingia kikundini nikakuta wote wamekaa kwa Bibi Nkwimba, mashine haijawashwa. Asubuhi alipofungua mlango alikuta matawi mabichi yamewekwa kizingitini, na juu yake mchi uliovunjwa. Nikauliza maana yake. Scolastika akaniambia kwamba ni kuambiwa uondoke. Akauliza kama halmashauri ina mahali pa kumweka mtu anayeambiwa aondoke.

Nilikwenda kituo cha polisi. Walinisikiliza kwa adabu. Wakauliza nani ameweka matawi. Wakasema hawawezi kukamata matawi. Nikaenda kwa katibu kata, akasema mambo ya mila yana wenyewe.

Nikarudi nikamwambia Bibi Nkwimba nitakuja na gari la halmashauri Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe mosi, nimpeleke mjini, nyumbani kwetu, akae hadi mavuno. Alikataa. Ana shamba. Mvua ikija na yeye hayupo, nani atapanda karanga. Scolastika akazungumza naye chini kwa chini kwa muda mrefu. Mwishowe bibi akaniuliza kwetu tunapikia nini. Nikasema mkaa. Akasema mkaa hautoi moshi mwingi, haya, atakuja, lakini tu hadi mvua.

Nilipokuwa naondoka nilimwita mwenyekiti "Scolastika" kama nilivyozoea, na hapo ndipo aliponirekebisha. "Nina mtoto," alisema. "Yuko kwenye machimbo Geita. Anaitwa Januari." Miezi yote hii sikuwahi kumwuliza.

Januari 30

Ndugu Donatus amekubali kutoa gari. Mama amekubali pia. Ametandika kitanda cha chumba cha nyuma, akaniambia nisimwambie mtu kwamba alinung'unika.

Februari 1

Gari limechukuliwa. Limekwenda kubeba viti na wageni wa sherehe za chama za Jumanne. Ndugu Donatus amesema Jumatatu bila kukosa. Nimemwambia mtu anasubiri. Amesema anajua, na akaniomba radhi kwa dhati, na gari halikuwepo.

Februari 2

Nilifikiria kupanda basi hadi njia panda na kutembea. Jua kali. Nikasema Jumatatu si mbali.

Februari 4

Wamemwua.

Februari 6

Naandika kwa sababu nisipoandika nitaanza kuisahau kwa jinsi ninavyotaka kuisahau.

Tulifika Mwanhegele Jumatatu kabla ya adhuhuri. Dereva alisimamisha gari kwenye kibanda, hakukuwa na mtu, milango yote ya kijiji imefungwa. Tukaenda mstari wa mwisho kwa miguu. Mama Januari alikuwa amesimama njiani, akanizuia kwa mwili wake, akasema, "Usiingie kwanza. Tumemfunika, lakini usiingie kwanza." Alikatwa kwa panga alfajiri ya Jumapili, alipotoka kwenda kuchungulia mawingu. Wanasema ndivyo alivyofanya kila alfajiri tangu Novemba.

Nikamwuliza kama alijua kwamba nakuja. Mama Januari akanitazama kwa muda. Angeweza kuniambia lolote. Aliniambia ukweli. "Ijumaa alikaa barabarani na furushi lake tangu jua halijachomoza. Jumamosi pia alikaa. Jioni akasema labda umeugua, akatuomba tukuombee."

Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia. Wanawe wawili wanaishi kijiji hiki hiki, hawakutoka nyumbani. Nilikwenda kugonga kwa mkubwa. Mkewe akasema amesafiri, na nyuma yake nikasikia mtu akikohoa.

Hakuna mwanamume aliyekuja kuchimba kaburi. Maige hakuja. Kwa hiyo walichimba wao. Ardhi ya mbuga wakati wa ukame ni kama saruji. Pantaleo alikaa ukingoni na gongo lake, akawa anapasua madongoa kwa sururu akiwa amekaa. Wengine walifunga mpini wa jembe kwa vitambaa kwenye viganja visivyoweza kushika. Hawahisi maumivu viganjani, ndivyo ugonjwa ulivyowaacha, kwa hiyo hawakujua damu ilipoanza. Niliiona mimi kwenye mipini. Nikavua viatu, nikaingia. Dereva, kijana wa Kikerewe ambaye njia nzima alikuwa akisema hatashika kitu cha watu hawa, alikaa garini kwa muda, kisha akaja akanipokea jembe.

Tulimzika alasiri. Tulipokuwa tunarudishia udongo, upepo ukabadilika. Mvua ilianza kabla hatujamaliza.

Ilinyesha usiku kucha. Ilinyesha jana. Inanyesha sasa hivi, juu ya bati letu, na mama amekitandua kitanda cha chumba cha nyuma bila kuniambia.

Februari 9

Mvua.

Februari 13

Mvua. Barabara haipitiki.

Februari 20

Nimefika Mwanhegele kwa trekta ya kiwanda cha pamba. Kibandani kuna foleni. Ndivyo hali ilivyo: kuna foleni. Mahindi ya njano ya msaada yamegawiwa, na kijiji kizima kimeyaleta kusaga kwetu. Wanawake wanacheka, watoto wanacheza chini ya mkondo wa maji ya paa. Hawana hofu tena. Kwa akili yao jambo limekwisha. Wamelitoa lile lililokuwa baya, mvua imekuja, kwa nini wasisage.

Tabu alikuwa akimwaga nafaka. Hakunitazama. Amekonda.

Nilimkuta Mama Januari nyuma, amekaa juu ya gunia. Nikasema kwamba angalau mradi sasa unakwenda. Nikajisikia nikilisema. Akasema alikuwa akiwaza hilo hilo: kwamba walimtoa mwenzao, wakapewa wateja.

Februari 21

Mama Januari amefunga mashine. Alisimama mlangoni asubuhi foleni ilipoanza, akawaambia kwa Kisukuma, sauti ya kawaida tu, kwamba msiba wa Bibi Nkwimba haujaisha kwa sababu haujaanza. Kijiji hakikuja matangani. Mashine itawaka siku kijiji kitakapokuja kukaa kwake, kama kinavyokaa kwa mtu yeyote aliyekufa. Akafunga mlango kwa kiwiko, Pantaleo akatia kufuli.

Watu walikasirika. Mmoja alirusha jiwe kwenye bati. Halafu wakaondoka kuelekea kijiji cha pili, kwenye tope.

Februari 26

Ndugu Donatus ameniita. Wafadhili wanakuja Machi kuuona mradi, na wakiupenda watatoa mashine nyingine tano kwa wilaya. Anataka iwe inasaga siku hiyo. Nimemweleza sababu ya kufungwa. Ameshika kichwa. Ni mtu mwema, nimekuwa nikiliamini hilo, na bado naliamini. Lakini nimeona leo jinsi wema wake unavyofanya kazi. Unasikitika kwanza, halafu unafanya lile lile ambalo mtu mbaya angelifanya.

Machi 5

Maige alikuja nyumbani kwetu. Mama alimkaribisha chai, hakuinywa. Alikuwa amezeeka ghafla. Aliniomba nimshawishi Mama Januari afungue kwa siku moja tu. Nikamwuliza kwa nini hakuja kuzika.

Hakukasirika. Alisema, "Wewe ukimaliza unapanda gari unarudi mjini. Mimi nalala pale. Mke wangu anateka maji pale. Mama yangu ni mzee, Bibi Mwamvua, na macho yake pia ni mekundu."

Nikamwuliza kama anawajua waliomwua. Akasema kila mtu anawajua. Akaaga.

Machi 8

Mahindi ya waliopanda upya yamefika magotini. Mwaka huu watavuna. Nimekwenda kumweleza Mama Januari habari za wageni, na kwamba mashine tano zinategemea hiyo moja. Sikumshawishi. Nilimweleza tu, kama msimamizi. Akauliza mashine hizo tano zitakwenda kwa nani. Nikasema kwa watu kama wao, vijiji vingine. Nilimwona akilipima jambo hilo, na lilikuwa zito kwake. Kisha akasema atazungumza na wageni yeye mwenyewe.

Machi 12

Wageni walikuwa wawili, mwanamume mwembamba na mwanamke wa nywele za mvi. Kijiji kilifagiliwa. Wanawake waliambiwa waje na nafaka, wakapangwa mstari mbele ya mlango uliofungwa. Ndugu Donatus alikuwa amesema njiani kwamba tutasema mkanda umekatika na mwingine umeagizwa. Maige alisimama upande wa kijiji, na katibu kata pembeni yake.

Mgeni mwanamume akauliza mbona kimya. Ndugu Donatus akamweleza habari ya mkanda, kwa Kiingereza kizuri kuliko changu. Wakatikisa kichwa kwa huruma. Ilikuwa imekwisha. Ndipo yule mwanamke akasema angependa kumsikia mwenyekiti mwenyewe, na kwa kuwa ni mwanamke, angependa atafsiriwe na mwanamke. Akanitazama mimi.

Mama Januari akasogea mbele. Alikuwa amevaa khanga safi, mkono wa kulia ameuacha nje, hakuuficha.

"Waambie hakuna mkanda uliokatika," alisema. "Waambie tumefunga kwa sababu tuna msiba. Mwenzetu alikatwa kwa panga, na hao wote mliowapanga hapo wanajua nani kamkata. Wanaotaka kusaga, wakae naye matanga kwanza. Sema hivyo hivyo, mayu. Usipambe."

Ndugu Donatus akasema karibu na sikio langu, bila kugeuza uso, "Mwamvua, fikiria hizo tano."

Nilizifikiria. Nataka iandikwe hapa kwamba nilizifikiria. Niliwaza wanawake wa vijiji nisivyovijua, waliokaa mstari wa mwisho wa nyumba. Pia niliwaza furushi barabarani. Kisha nikatafsiri, neno kwa neno, na pale Kiingereza changu kiliponipungukia nilionyesha shingo yangu kwa mkono.

Mgeni mwanamke aliweka kiganja mdomoni. Yule mwanamume akauliza kama polisi wanajua. Mstari wa wanawake ulisimama na nafaka zao, na ingawa hawakuelewa Kiingereza, walielewa mkono wangu. Mmoja akatua gunia lake chini, akakaa juu yake, akajifunika uso kwa khanga. Alikuwa Tabu.

Ndugu Donatus alinishusha nyumbani, akaniambia lala salama, kwa upole wake ule ule.

Machi 15

Tabu amekwenda polisi. Alitembea hadi njia panda na watoto wote watatu, akapanda lori la pamba hadi mjini, akaja kwetu kwanza. Nilimsindikiza. Alisimama kaunta akasema, "Nilifua shati la shemeji yangu. Nilijua nafua nini." Kisha akataja majina mawili, la shemeji, na la mtoto mkubwa wa Bibi Nkwimba.

Yule aliyekuwa akikohoa.

Wamewakamata jana jioni. Mume wa Tabu amerudi kutoka Maganzo, siyo kwa sababu amepata almasi. Ametuma neno kwamba akimwona atamfanyia alivyofanyiwa bibi. Tabu na watoto wamelala chumba cha nyuma. Mama hakuulizwa.

Machi 27

Jibu la wafadhili limefika. Wanasikitika. Hawawezi kuweka mradi mahali ambapo maisha ya walengwa yamo hatarini. Mashine irudishwe ghala la wilaya hadi itakapoamuliwa, na zile tano hazitakuja. Wamemsifu mtafsiri kwa ujasiri wake.

Aprili 2

Kikao cha halmashauri. Niliitwa kueleza usimamizi wangu. Nikaeleza kila kitu, pamoja na gari la Februari mosi na ya kwamba sikupanda basi. Diwani mmoja akauliza faida ya kusema ukweli uliotunyang'anya mashine sita. Maige alikuwepo. Zamu yake ilipofika alisema hana la kuongeza, na hakuongeza, wala hakunipinga.

Nahamishiwa Geita kuanzia mwezi ujao. Kazi ni kuhesabu vyoo kwenye machimbo.

Aprili 10

Nimekwenda na lori kuiondoa mashine. Vijana walioishusha ndio walioipakia. Pantaleo aliifuta mafuta kwa kitambaa hadi dakika ya mwisho, kisha akaondoka kwa gongo lake bila kuitazama ikipanda.

Nilimwambia Mama Januari kwamba nimewaharibia. Alikuwa akipepeta mbaazi. Akasema nisijikuze. "Kilichosemwa nilikisema mimi, wewe ulikitafsiri. Na mashine ile ilikuwa yenu. Nkwimba alikuwa wetu."

Nikamwuliza sasa watasaga wapi. Akasema watatwanga, kama zamani, na kama zamani itawauma. Hakulisema ili nijisikie vibaya. Ndivyo itakavyokuwa.

Halafu akasema Jumamosi ya tarehe ishirini wanaondoa matanga. Wameyaweka hadi leo, miezi miwili na zaidi, wakisubiri watu. Hawatasubiri tena. Kama bado sijaondoka, nije.

Aprili 21

Jana nilikwenda, na mama, na Tabu aliyejifunika ili asijulikane njiani. Mahindi yamebeba mashambani, wanachuma mabichi ya kuchoma. Tulikuta wanakikundi wamekaa kwenye jamvi mbele ya nyumba ya Bibi Nkwimba. Mtu fulani alikuwa amepanda karanga kwenye shamba lake, zimeng'olewa zingali changa, ziko kwenye ungo katikati ya watu. Sikuuliza ni nani.

Mama yangu alivua viatu. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Januari, akamwambia pole kwa msiba, akakaa ubavuni pake hadi khanga zao zikagusana. Walipoleta maji ya kunywa, alipokea kata akanywa, akaipitisha kwangu.

Tulikaa. Watu wachache tu, na jua. Asubuhi ilipokuwa imekwenda, walikuja wanawake wawili wa kijiji na kuni kichwani, kama inavyopasa kuja msibani. Waliziweka, wakakaa mwisho wa jamvi. Baadaye akaja mwingine peke yake na ndoo ya maji. Kisha mke wa mwenyekiti wa kijiji, yule aliyefiwa na mtoto kwa surua. Huyo alisimama muda mrefu kabla hajakaa, na alipokaa alianza kulia, na sikuweza kujua analia msiba upi. Mama Januari alisogea, akamwekea mkono begani. Mwanamke hakusogea.

Hao ndio waliokuja. Kijiji kina kaya zaidi ya mia tatu.

Saa za adhuhuri nilitazama barabarani nikamwona Maige. Alikuwa amesimamisha baiskeli, na nyuma kwenye karia amekaa bibi kizee mdogo kama mtoto, amejifunika kaniki. Maige alimshusha taratibu, akamwekea fimbo mkononi. Bibi akaja polepole, peke yake, hadi kwenye jamvi, akasalimia, akapewa nafasi.

Maige alibaki barabarani. Alivua kofia. Hakuingia, na tulipokuwa tunaondoka jioni alikuwa bado yupo, ameshika usukani wa baiskeli, akimsubiri mama yake.